Soketi ya Chumbani kwa Susu

Duka la Habibu lilikuwa limefungwa. Nzau alisimamisha gari mbele yake hata hivyo, akabaki ameshika usukani, kana kwamba mlango ungefunguka akiutazama kwa muda wa kutosha. Haukufunguka. Soketi ya ukutani, ambayo Habibu humruhusu kuitumia, ilikuwa ndani ya kisanduku chake cha bati, na kisanduku kilikuwa na kufuli.

Alipiga simu. Iliita hadi ikakatika. Alipiga tena.

"Unamtafuta Habibu?" aliuliza mwanamke aliyekuwa akipanga nyanya kando ya barabara. "Leo ni Idd, mwalimu. Wameenda kuswali."

"Idd si kesho?"

"Mwezi umeonekana jana. Kwani wewe unaishi wapi?"

Nzau anaishi Mumbuni, mjini Machakos, na jana jioni Mumbuni yote ilikuwa gizani. Umeme ulikatika kabla ya taarifa ya habari na ukarudi alfajiri. Kwa hiyo alikosa mambo mawili kwa mpigo, habari ya mwezi na chaji ya usiku. Aliondoka nyumbani betri ya gari ikiwa imepita nusu kidogo, akijiambia kwamba angeijaza Tala kwa Habibu, kama afanyavyo kila Jumanne na Ijumaa. Sasa alikuwa Tala, na kioo cha dashibodi kilionyesha asilimia kumi na tisa. Kurudi Machakos kulihitaji mara mbili ya hiyo.

Saa sita mchana mama mkwe wake, Syokimau, ambaye wote humwita Susu, yaani bibi, alitakiwa awe kwenye mashine ya kusafisha damu hospitalini. Jumanne hakwenda, kwa kuwa mvua ilikuwa imefunika kivuko cha kijito kinachotenganisha nyumba yake na barabara. Tangu siku hiyo miguu yake ilikuwa imevimba, na usiku alilala ameketi, maana akijinyoosha pumzi ilimkatika. Muuguzi alimwambia binti yake, Ndanu, bila kuzunguka: Ijumaa asikose. Ndanu alimwambia Nzau maneno hayo hayo alfajiri, akiwa amesimama mlangoni na sare yake ya duka la dawa, kisha akayarudia alipokuwa akifunga lango.

Nzau alimpigia Onesmus, dereva wa teksi ambaye kiti chake Susu angeweza kukivumilia. Onesmus alikuwa amepeleka watu uwanja wa ndege na hangerudi kabla ya alasiri. Akaenda kwenye duka la kinyozi, akaomba soketi, akachomeka. Kichaji kiliwasha taa nyekundu na kukataa. Soketi ya kinyozi haikuwa na waya wa ardhi, ule unaomkinga mtu asipigwe na umeme, na kichaji cha gari hakikubali soketi ya namna hiyo. Nzau hufundisha ufungaji wa umeme katika chuo cha ufundi, na huwaambia wanafunzi wake kila muhula kwamba ukaidi huo ni wema. Asubuhi ile hakuupenda wema huo. Alikwenda kituo cha mafuta.

"Umeme?" kijana wa pampu aliuliza. "Boss, ni kama uende kwa bucha uulize sukuma wiki."

"Niko na pesa ya kulipa."

"Najua uko nayo. Lakini soketi iko ofisini, na mwenye ofisi ameenda Kyumbi na funguo."

Nzau alirudi garini. Alifungua mlango, akaufunga, akaufungua tena kwa sababu mkanda ulikuwa umebanwa. Ilibaki soketi moja tu aliyojua kuwa ina waya wa ardhi. Aliijua kwa kusikia, hakuwahi kuiona. Ilikuwa kwenye bodi ndogo ya umeme nyumbani kwa Susu, na bodi hiyo ilikuwa imepigiliwa kwenye ukuta wa chumba chake cha kulala.

Aliteremka barabara ya udongo polepole. Mwendo wa polepole haukumtuliza. Alitazama asilimia, akatazama njia, akatazama asilimia.

Gari hili la umeme, dogo, lililotumika Japani kabla ya kufika Mombasa, lilinunuliwa kwa sababu ya safari hizi. Susu hulala kwake, na hospitali iko Machakos. Kila siku ya matibabu gari lilipaswa kwenda, kurudi, kwenda na kurudi. Gari la zamani la petroli lilikuwa limeanza kula karo ya Mumbua, binti yao. Pesa ya mafuta ya siku moja ya hospitali sasa ilitosha kununua umeme wa wiki nzima, na hakukuwa na oili ya kubadilisha wala plagi za kuungua. Nzau alipenda kuyasema hayo. Hakupenda kusema kwamba betri ilikuwa imezeeka, kwamba haikuwa na safari ndefu ndani yake, na kwamba hesabu yote ilisimama juu ya soketi ya hisani kwenye ukuta wa Habibu.

Wengine waliuliza kwa nini Susu asihamie Mumbuni kwa binti yake mpaka apate nafuu. Waliouliza hawakuwa Wakamba. Mama mkwe halali katika nyumba ya mkwewe, na mkwe haingii katika chumba ambacho mama mkwe hulala. Heshima hiyo huitwa nthoni. Susu na Nzau waliishika bila kuijadili. Ndani ya gari Susu alikaa nyuma, upande wa kushoto, na Nzau alikigeuza kioo cha kati kitazame paa ili macho yao yasikutane. Walizungumza kwa kifupi, mara nyingi kupitia kwa Ndanu au mtoto. Mwaka mzima wa safari hizo ulikuwa umepita, na Nzau hangeweza kusema kwa yakini macho ya Susu yana rangi gani.

Alimkuta ameketi kwenye kiti barazani, tayari, kitambaa kichwani, mfuko wa hospitali miguuni. Jirani yake, Wayua, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alikuwa amesimama karibu naye. Wawili hao wako katika kikundi kimoja cha kulimiana mashamba. Wayua ndiye aliyemsaidia Susu kuvaa viatu, na viatu vyenyewe vilikuwa vya marehemu mume wa Susu, kwa sababu vyake havikuingia tena.

"Baba Mumbua," Susu alisema, akiutazama mwembe wa jirani. "Umefika mapema."

"Susu, umeamkaje?"

"Nimeamka."

Nzau alimgeukia Wayua, kwa kuwa maneno aliyokuwa nayo hayakuweza kusemwa moja kwa moja.

"Mama Wayua, gari halina umeme wa kutufikisha. Habibu amefunga, leo ni Idd. Nahitaji soketi. Saa mbili hivi."

"Si uchomeke?" Wayua alisema. Kisha akaelewa. Akamwangalia Susu, akaangalia dirisha la chumba, akacheka kwa pua. "Kumbe ndio maana unatembea kama kuku anayetaka kutaga."

"Waya utapita dirishani," Nzau alisema. "Wewe utaingia, utachomeka. Mimi nitakaa nje."

Susu alitikisa kichwa kukubali, akiwa bado anautazama mwembe.

Jambo lilianza vizuri. Nzau alisogeza gari hadi karibu na ukuta wa nyuma, akapitisha waya kati ya nondo za dirisha akiwa amegeuza uso pembeni, na Wayua akaupokea kwa ndani. Umeme wa mita ulikuwa mchache. Nzau alinunua tokeni kwa simu na kusoma nambari kwa sauti kupitia dirishani, akiutazama ukuta. Wayua alizibonyeza huku akinung'unika kwamba hata benki haina nambari ndefu hivyo. Taa ya kichaji ikawa ya kijani. Ndani ya gari, kioo kilianza kuhesabu.

Nzau alizunguka nyumba. Aliangalia tairi ambazo hazikuwa na shida. Alimtumia Ndanu ujumbe kwamba wako sawa, akautazama ujumbe, akatamani kuufuta. Simu ikalia. Alikuwa Musembi, kaka yake Ndanu, anayeishi Mavoko na kuendesha pikapu ya dizeli.

"Shemeji, nasikia kwa Onesmus umekwama."

"Sijakwama. Nachaji."

"Nani kasema kuchaji si kukwama? Mimi nikikwama naenda petrol station, dakika tano niko barabarani. Wewe unamchaji mama yangu kama simu."

"Gari ndilo linachajiwa, Musembi."

"Nikitoka sasa hivi nitafika huko saa ngapi?"

"Na hiyo jam ya Mlolongo? Baada ya saa sita."

Musembi alijua ni kweli. Mzaha ulimtoka. "Jumanne amekosa. Leo akikosa tena sitaki kusikia habari ya mafuta ni ghali. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Haya. Ukiona hamtoboi, niambie mapema. Usione haya."

Nzau aliirudisha simu mfukoni. Wakati huo huo alisikia harufu. Ilikuwa hafifu, tamu kidogo, harufu ya plastiki inayoanza kulalamika. Wanafunzi wake huambiwa waitambue kabla ya kuiona. Alikimbilia dirishani na kusimama akiwa amelipa mgongo.

"Mama Wayua, gusa plagi. Kwa nyuma ya kidole."

"Mama yangu. Ni kama sufuria."

"Zima swichi. Chomoa."

Taa ya kijani ilizimika. Gari lilikuwa limepata asilimia nne tu.

Nzau alijua tatizo bila kuliona. Bodi ile ilikuwa imefungwa miaka mingi iliyopita kwa ajili ya balbu, redio na simu. Skrubu inayoshika waya nyuma ya soketi ilikuwa imelegea polepole, kama zinavyolegea, na hakuna aliyejua kwa sababu redio haiombi mengi. Gari linaomba mengi, kwa saa nyingi, bila kupumzika. Mahali waya ulipolegea palikuwa panachemka. Dawa yake ilikuwa ni kuzima swichi kuu, kufungua kifuniko, kukata ncha ya waya iliyoungua na kukaza skrubu. Kwa mtu aliyefundishwa ilikuwa kazi ndogo. Bisibisi ilikuwa kwenye buti ya gari.

"Niambie nifanye nini," Wayua alisema kutoka ndani. "Mimi hushona viatu, siogopi bisibisi."

"Hapana."

"Siogopi."

"Mimi ndiye naogopa. Ukikosea, nyumba itaungua leo usiku tukiwa tumeshasahau."

Alirudi barazani. Susu alikuwa amesikia yote. Alikuwa ameegemea mbele, mikono juu ya magoti, akivuta pumzi fupifupi, na kila pumzi iliishia mahali pa juu kuliko ilipopaswa kuishia. Nzau alisimama mbali naye, akageukia shamba.

"Kuna kazi ya mkono wangu mle ndani," alisema. "Ni fupi. Lakini siwezi kuingia."

"Huwezi," Susu alikubali.

"Kama ungetoa ruhusa."

"Ruhusa si yangu. Hata mumeo akifa, nyumba inabaki na desturi zake." Alimwambia Wayua sentensi hiyo, si Nzau. Kisha akapumzika ili apate pumzi ya sentensi nyingine. "Wayua. Chumba ni cha kulala kwa sababu gani?"

"Kwa sababu watu hulala humo. Swali gani hilo?"

"Kwa sababu kina kitanda."

Wayua aliweka mikono kiunoni. "Syokimau, kile kitanda kilitengenezwa na marehemu kwa mti mzima. Unataka nikibebe na mgongo huu?"

"Akina Winfred wako pale juu kwa kunde. Waite."

Winfred na shemeji yake walikuwa wa kikundi hicho hicho, na sauti ya Wayua iliwafikia bila shida. Walikuja na majembe begani, wakiuliza nani amekufa. Wayua aliwaeleza kwa maneno machache. Winfred, msichana mpana wa mabega aliyeolewa mwaka uliopita, alimtazama Nzau, akalitazama gari, akauma mdomo ili asicheke.

"Kwa hivyo gari linakula chumbani na mkwe anabaki nje?"

"Winfred," Susu alisema, "wakati wa kucheka utakuja. Anza na godoro."

Nzau alitembea hadi zizini, kwa kuwa hata kuona vitu vya chumba kile vikitolewa ilikuwa vibaya. Alisikia badala ya kuona. Alisikia godoro likiburutwa. Alisikia kitanda kikigonga fremu ya mlango, kikirudishwa, kikigeuzwa ubavu, kikigonga tena. Alisikia Susu akielekeza kutoka kwenye kiti chake, kwa maneno yaliyokatwa na pumzi.

"Miguu kwanza. Si hivyo. Kiingie sebuleni, kikae upande wa dirisha." Pumzi. "Sanduku. Na kofia ya marehemu, hapo kwenye msumari." Pumzi mbili. "Na picha."

Saa ilikuwa ikisonga. Nzau alifungua simu, akapiga hesabu ya umeme na umbali, akaifunga simu, kisha akapiga hesabu ile ile kichwani na kupata jibu lile lile. Hata wakimaliza sasa, gari halingepata chaji yote lililohitaji. Lingepata karibu yote. Na karibu yote, kwenye barabara ya vilima vya Iveti, ni neno la kutisha.

"Mwalimu," Wayua aliita. "Njoo."

"Kiko tupu?" Nzau aliuliza akikaribia.

"Kiko tupu."

"Bado," Susu alisema. "Chumba kitupu ni chumba kinachosubiri kitanda. Leteni gunia la mahindi."

Winfred alilibeba gunia kutoka jikoni, akalipitisha mbele ya Nzau, akaliangusha katikati ya chumba. Vumbi lilitoka kwa mlango wa chumba unaofungukia barazani. Susu alilingoja litulie.

"Sasa ni stoo," alisema. "Baba Mumbua, kuna soketi imeharibika kwa stoo yangu. Unaweza kuiangalia?"

Nzau aliingia.

Aliingia na macho yake yakiwa sakafuni. Palikuwa na alama nne nyeusi kwenye saruji, mahali miguu ya kitanda ilipokaa tangu kabla Ndanu hajazaliwa, na alizizunguka kana kwamba kitanda bado kipo. Alizima swichi kuu. Alifungua kifuniko. Waya ulikuwa umeungua kama alivyofikiri, na skrubu iligeuka kwa ukucha. Alikata, akamenya, akaingiza, akakaza, akavuta waya kwa nguvu kuuhakikisha. Mikono yake, ambayo asubuhi nzima haikukaa mahali pamoja, ilitulia kwa muda wa kazi hiyo. Aliwasha umeme, akachomeka. Nje, Winfred alitangaza kwamba taa ni ya kijani.

Kisha akatambua kwamba hawezi kuondoka. Ilibidi aendelee kuigusa plagi ili ajue kama inapata moto. Alisimama kando ya gunia, mgongo kwa mlango, nyuma ya kidole kwenye plagi, kama daktari anayesikiliza mshipa. Ilikuwa ya uvuguvugu. Ikabaki ya uvuguvugu. Alipotoka, alitoka kinyumenyume.

Waliondoka baadaye kuliko ilivyopasa na wakiwa na chaji pungufu kuliko ilivyopasa. Nzau aliona kwamba kungoja zaidi kungegeuza upungufu wa umeme kuwa upungufu wa saa, na saa hazinunuliwi kwa simu. Wayua na Winfred walimwingiza Susu kwenye kiti cha nyuma na kumwekea mto.

"Ukizima njiani," Wayua alimwambia Nzau dirishani, "usitupigie kuja kusukuma. Tumeshabeba vya kutosha."

Hakuwasha kipoza hewa. Hakuwasha redio. Kwenye lami aliendesha kwa mwendo wa mtu anayesindikiza maiti. Malori yalimpigia honi, na matatu moja ilimpita huku utingo akichungulia kuona kama dereva amelala. Kila mlima ulimnyang'anya asilimia, na kila mteremko ulimrudishia chache, si zote. Nyuma yake alisikia pumzi za Susu. Akajikuta anazihesabu pamoja na asilimia, na hesabu mbili hizo zikaanza kuchanganyika kichwani. Alitamani kukiteremsha kioo cha kati amwone. Mkono wake ulikifikia mara moja. Aliurudisha kwenye usukani.

Kabla ya Mutituni, taa mpya iliwaka mbele yake, ya rangi ya manjano. Gari likapunguza nguvu lenyewe.

"Baba Mumbua."

Alishtuka. Susu hakuwahi kuanza mazungumzo ndani ya gari.

"Ndiyo, Susu."

"Hicho kinyama kilichowaka hapo mbele ni nini?"

"Ni kobe."

"Kinataka nini?"

"Kinasema umeme umekaribia kwisha. Kinasema twende polepole."

Susu alivuta pumzi, akaitoa. "Tunaenda polepole tangu Tala. Kimechelewa kutuambia."

Nzau alicheka. Kicheko kilimtoka bila kibali, kikubwa kuliko mzaha wenyewe, na nyuma alisikia kitu ambacho kingeweza kuwa kikohozi na kingeweza kuwa kicheko pia. Hakugeuka. Gari lilipanda kilima cha mwisho kama mzee anayeshika ukuta. Lilifika juu. Kisha barabara ikaanza kushuka kuelekea mjini, na Nzau akaondoa mguu kwenye pedali na kuacha uzito wa gari, wa watu wawili na wa mfuko wa hospitali ufanye kazi ya injini. Kobe hakuzimika. Lakini namba chini yake ilipanda kwa moja. Ikapanda tena kwa moja.

Ndanu alikuwa akiwangoja kwenye lango la hospitali na kiti cha magurudumu. Alikuwa ameomba ruhusa kazini. Aliangalia miguu ya mama yake, akaangalia viatu vya marehemu baba yake kwenye miguu hiyo, kisha akasogeza kiti karibu. Saa sita ilikuwa imepita. Muuguzi wa zamu alitazama saa ya ukutani, akamtazama Susu, akasema kwamba mashine bado haijapewa mtu mwingine ila ilikuwa karibu kupewa. Walimpima uzito. Muuguzi aliuandika, kisha akaita mwenzake, na kwa pamoja wakamwinua hadi kwenye kiti.

Nzau alibaki ukumbini. Aliambiwa na Ndanu, aliyetoka akifuta macho kwa mkono wa sare, kwamba damu imeanza kuzunguka na kwamba mama amelala papo hapo, kichwa kikiwa kimeegemea nyuma, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Jumanne.

"Amesema nini kabla ya kulala?" Nzau aliuliza.

"Amesema gunia lisiguswe. Amerudia. Nzau, gunia gani?"

Alimweleza wakiwa wamesimama. Ndanu alisikiliza hadi mwisho, akafunika mdomo, kisha akakaa kwenye benchi. "Mwaitu ametoa kitanda cha baba?" alisema, akimwita mama yake kwa Kikamba. "Mimi niliwahi kumwomba akisogeze tu kidogo nipige rangi. Alikataa wiki nzima."

Mashine ilipomaliza, gari lilikuwa limeshinda Mumbuni kwenye soketi ya nyumbani na lilikuwa na umeme wa kutosha kufika Tala. Susu alitembea mwenyewe hadi kwenye kiti cha nyuma. Njiani pumzi zake zilikuwa ndefu, na Nzau hakuwa na haja ya kuzihesabu, lakini alizihesabu.

Jua lilikuwa bado juu ya miti walipofika. Wayua alikuwa amewasha moto na kuchemsha chai. Susu aliingia ndani, na Nzau, kama kawaida yake, akaelekea sebuleni, mahali ambapo wakwe huketishwa. Alifika kizingitini na kusimama. Kitanda kilikuwa pale, kimetandikwa, upande wa dirisha. Kofia ya marehemu ilikuwa kwenye msumari mpya.

Alirudi nyuma hatua moja.

"Kweli," Susu alisema kutoka ndani, bila kumtazama. Ilionekana na yeye alikuwa amelifikiria njiani. "Hapa huwezi kuingia tena."

"Nitanywea nje, Susu. Si neno."

"Mkwe wangu hanywi chai nje kama fundi. Wayua, mpelekee chai stoo."

"Stoo hakuna kiti," Wayua alisema.

"Kuna gunia."

Nzau alipitisha waya dirishani, akaingia stoo, akauchomeka, akaketi juu ya gunia la mahindi na kikombe mkononi. Nje gari lilianza kunguruma kwa chini, feni yake ikizunguka. Upande wa pili wa ukuta, Susu alikuwa akimwambia Wayua kwamba Jumanne mvua ikikubali, Baba Mumbua asipitie kwa Habibu kumsumbua, aje moja kwa moja. Nzau alikunywa chai. Kila baada ya mikupuo michache alinyoosha mkono na kugusa plagi kwa nyuma ya kidole.